Padre Mmoja, Makanisa Mengi, Mkesha Mmoja

Mapadre wenzangu walioko Tanga wakinipigia simu mwezi Novemba huniuliza swali lilelile: mwaka huu mkesha wa Krismasi utakuwa kanisa gani? Wanauliza kwa sababu yanawakuta na wao. Wana parishi zenye mitaa mingi, yaani makanisa madogo madogo, kila mtaa unamtaka padre usiku uleule, na usiku ni mmoja. Mimi ninahudumia makanisa madogo ya Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, katika rasi ya kaskazini ya jimbo la Michigan, ng'ambo ya daraja la Mackinac. Huko kanisa likiwa na watu kumi na watano Jumapili, watu hurudi nyumbani na furaha. Haya ninayaandika kwa ajili ya mapadre, mashemasi, wainjilisti na wazee wa kanisa walio katika hali kama yangu, hata kama kwenu hakuna theluji.

Ninaloliamini kuliko yote ni hili: kazi ya padre kabla ya Krismasi si kutafuta njia ya kufika kila mahali usiku wa tarehe 24. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila kanisa litasherehekea kuzaliwa kwa Bwana hata yeye asipokuwepo. Ukilikubali hilo moyoni mwezi Oktoba, ratiba yako yote inabadilika.

Nasema Oktoba kwa sababu. Michigan msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza 15 Novemba na kwisha 30 Novemba, kila mwaka. Katika wiki hizo mbili sehemu kubwa ya wazee wa kanisa wako porini, na aliyebaki nyumbani ana wageni waliokuja kuwinda. Hakuna kikao kitakachokaa. Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, nayo huanza Jumapili ya nne kabla ya sikukuu, na kila Jumapili huwashwa mshumaa mmoja zaidi, kwa hiyo wawindaji wanarudi mshumaa wa kwanza ukiwa umewashwa au ndio unawashwa. Kwetu Muheza, mkoani Tanga nilikozaliwa, mvua za vuli huwapeleka watu shambani miezi hiyohiyo. Jua msimu wa watu wako kabla hujafungua kalenda ya Kanisa.

Halafu tazama tarehe zinavyoangukia. Mwaka 2023 Jumapili ya nne ya Majilio iliangukia tarehe 24 Desemba, zambarau ya Majilio altareni asubuhi na nyeupe ya Krismasi jioni, na itakuwa hivyo tena mwaka 2028. Kanisa la watu wachache haliwezi kubeba ibada mbili kubwa siku moja. Mwaka wa namna hiyo asubuhi iwe Sala ya Asubuhi, iongozwe na walei, na nguvu zibaki kwa ajili ya jioni.

Kikao chenyewe kiwe kimoja. Waite wawakilishi wa makanisa yote waketi meza moja, kwa sababu ukizungumza na kila kanisa peke yake unageuka mbeba ujumbe, na ujumbe ukibebwa huharibika njiani. Waeleze uwezo wako, kisha nyamaza, waache wagawane wao. Nimemsikia mama mmoja mzee akisema kwenye kikao kama hicho kwamba mumewe amezikwa mwaka huo, na kwamba angependa kupokea Ekaristi ya Noeli chini ya paa ambalo mumewe aliliezeka kwa mikono yake. Kanisa kubwa kuliko yote pale mezani likamwachia padre bila kupiga kura. Mimi nisingeweza kuliomba jambo hilo, na hata ningeliomba lisingepokelewa hivyo.

Mimi hukubali ibada mbili usiku wa tarehe 24, basi. Kuna jambo la jiografia linalonisaidia: wilaya nne za rasi yetu zinazopakana na jimbo la Wisconsin hufuata saa za kanda ya kati ya Marekani, kwa hiyo saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukiadhimisha Misa saa kumi jioni upande wa mashariki, kisha ukaendesha gari kuelekea magharibi, umezawadiwa saa nzima. Ibada ya tatu ninaikataa, hata ikiombwa kwa machozi. Padre aliyechoka, usiku, kwenye barafu, ni hatari kwake na kwa wengine, na anayesoma Injili ya Luka huku akiangalia saa anawanyang'anya watu kile walichokuja kukipata.

Kila mwaka hutokea mtu mwema akapendekeza kwamba makanisa yote yakusanyike mahali pamoja, tujaze jengo moja, kwaya iwe kubwa. Siku nyingine za mwaka naunga mkono. Usiku wa mkesha sikubali. Wazee wengi hawaendeshi gari gizani, na Desemba huku jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi na moja jioni limezama. Ukihamisha ibada kilomita sitini umewafungia nje walewale waliolilinda kanisa miaka yote. Tena kuna wajukuu wanaorudi kutoka Detroit na Chicago kwa ajili ya siku mbili tatu. Hao hawaji kutafuta kwaya kubwa. Wanakuja kwenye kisima cha ubatizo walikobatizwa, wakute taa imewashwa na jina lao linajulikana.

Sasa, kama padre hayupo, nani ataongoza? Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna la kusema. Nimelelewa katika mtaa ambao padre alifika mara chache, na mwinjilisti ndiye aliyetufundisha, aliyewazika marehemu wetu na kutuongoza katika sala kila Jumapili. Nilipofika Michigan niliwakuta watu wanaojifunza jambo hilohilo kwa njia nyingine. Walilipata kwa Roland Allen, padre Mwingereza aliyekuwa mmisionari China, na ambaye tangu mwaka 1912 aliandika kwamba kila kanisa, hata likiwa dogo namna gani, Mungu hulipa watu wa kutosha kulihudumia, na ni kosa kuliweka likisubiri mtumishi wa kutumwa kutoka mbali. Wakati wake wachache walimsikiliza. Miaka mingi baadaye maaskofu wenye dayosisi pana na watu wachache, kama Wesley Frensdorff wa Nevada na Thomas Ray wa Northern Michigan, waliyachukua mafundisho hayo na kuwaandaa wenyeji, wengine wakawekewa mikono kuwa mashemasi na mapadre palepale kijijini, wakiendelea na kazi zao. Allen mwenyewe alimalizia maisha yake Kenya, akatafsiri tenzi za Kiswahili, akafariki Nairobi mwaka 1947. Kila nikimkumbuka namshukuru Mungu kwamba mwalimu wa hawa wazee wangu wa theluji amelala katika udongo wa kwetu.

Kwa hiyo waandaeni watu, na msianze wiki ya mwisho. Mtu atakayeongoza ibada ya mkesha aanze kuongoza Jumapili ya kwanza ya Majilio, awe na idhini ya askofu mkononi, na asimame mbele ya watu walewale mara kadhaa kabla ya usiku wenyewe. Kama pana shemasi, Kitabu cha Sala cha Kanisa la Episkopali cha mwaka 1979 kinamruhusu askofu kumpa idhini ya kuwagawia waamini Ekaristi iliyokwisha kuwekwa wakfu, pale padre asipopatikana. Ombeni idhini hiyo mapema, maana ofisi ya askofu nayo ina Krismasi yake.

Mahubiri yasiandikwe na padre yakasomwe na mwingine. Nimeyasikia mahubiri ya namna hiyo, na watu hutambua mara moja kwamba maneno si ya anayeyasema. Mimi hukaa kwenye simu na mhubiri, tunasoma Luka 2 pamoja polepole, namuuliza ni wapi panapomgusa, kisha namwambia: sema hilo, kwa dakika tano. Mchimba madini mstaafu aliyewahi kukesha kazini huwazungumzia wachungaji wa kondoo kwa namna ambayo chuo cha theolojia hakikunifundisha mimi.

Nyimbo ziwe zile wanazozijua bila kitabu. Katika kanisa la watu wanane ambalo halina mpiga kinanda, shushini sauti, sogeeni viti vya mbele, mwimbe. Msiweke muziki wa kurekodiwa ukawafunika. Sauti nane za watu wanaomwimbia Bwana wao zinatosha kabisa.

Wiki ya tatu ya Majilio ni ya wagonjwa. Ninaitenga yote, siweki kikao wala karamu. Napita majumbani na katika nyumba za kutunzia wazee nikiwa na Ekaristi, mafuta ya wagonjwa, na sala zilizochapwa kwa herufi kubwa. Mchukue mtu wa kanisa hilo uende naye, ikiwezekana mtoto. Mgonjwa ambaye hajaonekana kanisani tangu Pasaka akimwona mjukuu wa jirani yake amebeba mshumaa, anajua kwamba hajasahauliwa na kanisa lake, si na padre tu.

Tarehe 21 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Thomaso katika kalenda yetu, tunafanya ibada ya waliofiwa. Ndio usiku mrefu kuliko yote kaskazini mwa dunia. Zaburi, ukimya, majina ya marehemu yanasomwa, kila mtu anawasha mshumaa. Haihitaji mapambo wala kwaya. Nawasihi sana mfikirie jambo hili popote mlipo, kwa sababu mfiwa hulemewa na nyimbo za furaha, na huacha kuja mwezi ule ambao angehitaji watu kuliko wakati wowote. Huja pia wasio Waanglikana, na wasio na kanisa. Wapokeeni.

Theluji ina kanuni zake. Majira ya baridi ya 1978–79 rasi ya Keweenaw, iliyo ndani ya eneo letu, ilipata theluji ya karibu mita kumi, na miaka ya kawaida nayo si haba. Uamuzi wa kuahirisha ibada aufanye mzee wa kanisa aliye hapohapo, anayeiona barabara, na autangaze muda wa saa tatu kabla ya ibada kuanza. Padre aliye mbali asimshinikize. Pawe na mtu wa kuwasha joto tangu usiku uliotangulia, na mwingine wa kusafisha ngazi na kumwaga chumvi, na wote wawili watajwe kwenye sala siku hiyo kwa majina. Garini weka blanketi, koleo na tangi lililojaa. Mahali pa matope badala ya theluji, ushauri ni uleule kuhusu nani aamue.

Na msisahau kwamba Krismasi haiishii tarehe 25. Tunazo siku kumi na mbili hadi Epifania, 6 Januari. Kanisa ambalo halikupata padre usiku wa mkesha lipate Misa yake kamili tarehe 26, sikukuu ya Stefano, au 27, ya Yohana, yenye mapambo yote, nyimbo zote za Noeli na chakula baada yake. Lisiitwe ibada ya kufidia. Kwenye makanisa yangu watu huleta pai zao za nyama na viazi, zile walizoziacha wachimba madini wa Cornwall, kama sambusa iliyokua ikajaza kiganja, na hakuna anayeharakisha kuondoka kwa sababu zawadi zimeshafunguliwa na wageni bado wapo.

Siku hiyohiyo, watu wakiwa bado mezani, chukua daftari uwaulize nani aongoze mkesha mwaka ujao, uandike jina.