Mkuu usitume hiyo hela, kapime sukari kwanza

Usitume! Umeandika una miaka 41, mwezi wa nne huu jogoo hapandi mtungi, kiu haikuishi, usiku unaamka kukojoa mara kwa mara, na kuna mganga wa WhatsApp kakwambia ni madhara ya punyeto, anataka laki na nusu ya unga. Unauliza kama huu ni ugonjwa kweli, na kama unga unafaa. Hiyo kiu na huko kukojoa umevitaja juu juu tu, wakati ndivyo vilivyonishtua mimi, maana ni dalili za kisukari.

Mimi mganga wangu aliniambia ni ngiri. Hakunipima presha, hakuuliza natumia dawa gani, aliuliza nina shilingi ngapi. Na ubaya wa ule unga ni kwamba mwanzoni ulifanya kazi, nikamwamini kabisa. Unga mwingi wa namna hiyo unaoitwa wa asili umekutwa umechanganywa na sildenafili, dawa ile ile ya hospitali ya kusimamisha uume, bila kipimo wala onyo. Mwenye kutumia dawa za maumivu ya kifua ya moyo za jamii ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi, akichanganya na hiyo presha inaweza kuporomoka akafa. Muuzaji anajua hilo? Hajui na hajali! Huku chini mambo yakionekana yamekaa sawa, sukari iliendelea kula mishipa yangu. Nafika hospitali, nyayo zimeshaanza kufa ganzi, na ganzi hiyo ninayo mpaka leo. Hela nilishamsamehe. Nyayo sijamsamehe.

Daktari ndiye aliyenifungua macho: mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuganda ukutani, ile myembamba ndiyo inayolemewa mapema. Kwa hiyo shida hii inaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa, na mtu anayekuuzia unga anakuficha hiyo taarifa.

Kushindwa siku mbili za uchovu hakuitwi ugonjwa. Daktari anataka iwe inajirudia, kwa kawaida miezi 3 au zaidi, uume usimame kwa shida au usidumu kiasi cha kutosha tendo. Wewe umeshavuka hapo. Atakuuliza kama alfajiri unasimama wenyewe. Ukisimama vizuri alfajiri ukagoma kitandani tu, ataangalia zaidi mawazo na mahusiano. Usiposimama popote, anafuata mishipa, neva na homoni. Ana maswali 5 ya kupima nguvu za kiume, jumla alama 25, na 21 kushuka chini ni tatizo. Jibu ukweli, yule hajaja kukucheka.

Halafu vipimo: presha, sukari, mafuta ya damu, na testosteroni, ambayo damu yake huchukuliwa asubuhi maana ndipo inapokuwa juu. Sukari ya 7.0 mmol/L kwenda juu kabla hujala, ikirudiwa ikatoka hivyo hivyo, ni kisukari. Kama unatumia dawa za presha, nenda nazo. Baadhi huchangia, ila usiziache kwa uamuzi wako.

Leo kuanzia saa nne usiku usile kitu, maji tu, saa moja asubuhi uwe maabara. Huyo mganga akipiga tena usipokee. Namba ikitoka, iwe 5 au 15, iandike hapa hapa.