Ukienda Tanga, Usiondoke Siku Hiyo Hiyo

Mara ya kwanza nilifika Tanga asubuhi kwa shughuli za kikazi, nikiwa tayari nimekata tiketi ya basi la jioni. Mchana nilikula wali wa nazi katika mtaa wa Ngamiani, na mama lishe aliponiona nikitazama saa kila mara aliniuliza, "Mwanangu, waja leo waondoka leo?" Msemo huo nilikuwa nikiusikia tangu utotoni kama jina la utani la mji, wala sikuwahi kufikiri kwamba ni swali ambalo mwenyeji humwuliza mgeni kwa dhati. Niliondoka, na nilijutia. Niliporudi nilikaa siku tano, na ushauri wangu unatokana na siku hizo.

Anza na mkonge, kwa sababu bila mkonge mji huu hausomeki. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na inasimuliwa kwamba ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika mwaka huo huo reli ya Usambara ilikuwa ikianza kujengwa kutoka bandarini kuelekea bara. Mashamba yalipopanuka, manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi, na wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana ukizungumza na wazee katika barabara za Ngamiani, ambazo hadi leo huitwa kwa namba, utakuta kila nyumba ina asili yake ya mbali, ingawa Kiswahili kinachozungumzwa humo ni cha pwani kabisa. Waulize habari za korona, mashine iliyokuwa ikisaga majani ya mkonge ili kutoa singa, yaani nyuzi zake, nao watakueleza pia jinsi nyuzi za plastiki zilivyoangusha bei na mashamba yakageuka vichaka. Mimi nilijifunza mengi zaidi kwa mzee mmoja aliyekata mkonge ujanani kuliko kwa vibao vyote vya makumbusho.

Usiridhike na habari za vita vya Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani na nyuki waliowashambulia askari, ambazo kila mgeni husimuliwa kwanza. Ulizia pia taarabu ya Lucky Star na Black Star, au dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, kwa kuwa mji wa wafanyakazi ulihitaji muziki wa kupumzikia, na muziki huo ukasikika Afrika Mashariki nzima.

Kwa sasa, mazungumzo ya vijana ni saruji, bandari, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani kwenye pwani ya Tanga. Nawaelewa, lakini ningependa wasikilizwe pia wavuvi, ambao bahari hiyo ndiyo shamba lao.

Tenga siku nzima kwa njia ya Pangani. Huko utapita Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na ambako amezikwa, kisha utafika Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yapatayo 40. Toka mapema kabla jua halijawa kali, vaa mavazi ya heshima, na uombe ruhusa kwa wenyeji kabla ya kupiga picha. Iwapo una siku mbili tu, ni afadhali uache mapango ya Amboni kuliko kuikosa njia hiyo.