Pasi Yangu Ni Kamba ya Kuanikia

Mhariri, wiki hii mmeuliza: asiyepiga pasi hufanya nini nguo zake zisikunjamane? Najibu kwa sababu huu ni mwaka wa sita sina pasi. Haukuwa msimamo. Pasi iliungua, nikasema nitanunua nyingine mwisho wa mwezi, na miezi ikapita. Mara kadhaa nilikwenda kazini na shati lililoonekana kama limetafunwa na ndama.

Mwanzoni nilipambana na mikunjo kabatini. Nilikunja nguo kwa uangalifu, nikazipanga, nikaziwekea vitu vizito juu. Bure. Nilichelewa kuelewa kwamba mkunjo hauzaliwi kabatini, unazaliwa nguo inapokauka. Pamba ni selulosi, minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikana kwa vifungo dhaifu vya haidrojeni. Maji yakiingia, vifungo hivyo huachia. Yakitoka, hufunga upya kwa namna ileile nguo ilivyolala. Shati likikauka limejikunyata, mkunyato ndio unaobaki. Pasi nayo hutumia mlango huohuo, ndiyo maana nguo hunyunyiziwa maji kabla ya kupigwa pasi.

Basi kazi yangu yote iko kati ya beseni na kamba. Shati la pamba silisokoti. Nalikamua kwa kulibana tu, na huwa naliacha na maji kiasi, maana uzito wa yale maji ndio unaolivuta chini likiwa limetundikwa. Kisha nalishika mabegani na kulikung'uta kwa nguvu mara tatu nne, mpaka lilie. Hapo wengi huishia. Mimi naliweka kwenye henga pana, nafunga kifungo cha juu na cha katikati, halafu vidole vinaanza kazi: navuta kola, ule ukanda wa vifungo, mishono ya ubavuni, mfuko, pindo la chini. Mishono ndiyo korofi kuliko kitambaa chenyewe, kwa hiyo naivuta kwa urefu wake na kuipapasa mpaka itulie. Shati moja hunichukua dakika moja na nusu. Wanaonitazama husema napoteza muda, lakini wao wanasimama mbele ya pasi alfajiri.

Ukitumia mashine, usiijaze. Punguza kasi ya kukamua, mizunguko 600 kwa dakika inatosha pale ulipozoea 1,200, na zitoe nguo mara tu inaposimama. Nguo mbichi ikikaa saa nzima imesongamana humo ndani, umeshaitengenezea mikunjo.

Suruali nakutanisha mishono ya miguu, naibana kwa vibanio kwenye pindo, kiuno kikining'inia chini. Kiuno ni kizito na kinafanya kazi ya pasi bila kuombwa. Sweta hulazwa tambarare, ukilitundika litakurudishia mikono ya mtu mwingine. Viskosi, kitambaa laini kinachotengenezwa kwa selulosi ya miti, ikilowa hudhoofika, ivute kwa huruma.

Poliesta ina tabia yake. Yenyewe hainywi maji kama pamba, inachokitii ni joto. Ikifuliwa kwa maji ya moto hulegea, na ikipoa huku imebanwa, mkunjo unakaa kwa ukaidi. Ndiyo sababu marinda ya sketi za poliesta hudumu miaka. Ifue kwa maji baridi na hutakuwa na ugomvi nayo. Kwa kitani nimesalimu amri. Keti dakika kumi tu kwenye kiti, ukisimama utajua.

Kuna pia mashati ya pamba yanayouzwa kama yasiyohitaji pasi. Mwanakemia Mmarekani Ruth Benerito na wenzake, katika maabara ya Wizara ya Kilimo kule New Orleans, ni miongoni mwa waliofanikisha jambo hilo karne iliyopita: minyororo ya selulosi hufungwa kwa vifungo vya kemikali ambavyo maji hayawezi kuviachisha, nguo ikakumbuka umbo lake. Ninayo mawili, na yanakaa vizuri. Ila dawa nyingi za aina hiyo huhusisha fomaldehaidi, kemikali ambayo huwasha ngozi ya baadhi ya watu, kwa hiyo lifue kabla ya kulivaa mara ya kwanza.

Asubuhi nikikuta mkunjo mmoja umenitoroka, naunyunyizia maji kidogo, napapasa kwa kiganja, natundika robo saa. Shati likauke kabisa kabla hujalivaa, la sivyo mgongo wa kiti utakuchorea upya. Mvuke wa bafuni unasifiwa kupita kiasi. Koti la sufu hufaidika nao kweli, shati la pamba hupata nafuu kidogo tu. Na kulalia suruali chini ya godoro nilijaribu mara moja, ikatoka na mistari miwili kila mguu.

Nakiri jambo moja limenishinda: ule mstari mkali wa mbele ya suruali. Kamba haiutoi, godoro mmesikia. Siku za harusi nagonga kwa jirani, naye hunipokea na pasi mkononi kabla sijafungua mdomo.