Programu huria imebadilishwa sura? Kabla ya kubishana, kaa nyuma ya anayeitumia

Kila programu huria, yaani ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, inapobadilishwa sura, watu hugawanyika siku hiyo hiyo. Hawa wanasema wameharibiwa kazi, wale wanawajibu kwamba wanaogopa mambo mapya. Nimeyafuatilia mabishano haya na kushiriki kwa miaka nikiwa hapa Mbeya, ambako mchana naendesha steshenari Mwanjelwa na jioni nafundisha kompyuta. Ninachotaka kukuambia wewe unayetumia Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta), LibreOffice (ya kazi za ofisi) au GIMP (ya picha) huku Nyanda za Juu Kusini ni kwamba kelele za upande wowote hazirudishi kitufe mahali pake. Kinachosikika ni habari kamili ya mtu aliyekaa mbele ya skrini akijaribu kumaliza kazi yake. Habari za namna hiyo sisi tunazo kuliko wanaotengeneza programu zenyewe, ila hatuwapelekei.

Tazama jinsi watu wetu wanavyojifunza kompyuta. Anayeanza hajifunzi kusoma menyu, kwa sababu menyu imeandikwa Kiingereza. Anajifunza mahali. Unapanda juu kabisa kushoto, unabofya neno la kwanza, unashuka mpaka karibu na mwisho, hapo ndipo pa kuprinti. Baada ya wiki chache mkono unakwenda wenyewe, na kazi zinatoka haraka na safi. Sasa kihamishe kitufe. Aliyekulia kwenye Kiingereza atasoma maneno mpaka akione. Lakini katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Mbozi, anayepanga majina ya wakulima na kilo zao kwenye Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, hana pa kuanzia kusoma. Kwake kitufe kilichohamishwa hakipo.

Jambo hili sijaliona likitajwa mara nyingi kwenye mijadala ya usanifu, na sababu ni kwamba wanaoandika huko wote wanasoma Kiingereza. Wanabishana kuhusu uzuri, usasa na idadi ya mibofyo. Katibu wa Mbozi hayumo.

Mwezi Aprili 2010 Ubuntu 10.04, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilitoka ikiwa imehamisha vitufe vya kufunga, kupunguza na kukuza dirisha kutoka kulia kwenda kushoto. Watu waliwaka. Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, alijibu kwamba hiyo si demokrasia: maoni mazuri na takwimu nzuri vinakaribishwa, lakini maamuzi ya usanifu hayapigiwi kura. Wengi walichukia nusu ya kwanza ya jibu lile na hawakuisikiliza nusu ya pili. Mimi naamini nusu ya pili ndiyo mlango. Vitufe vile vilikaa kushoto mpaka Ubuntu 17.10 ya Oktoba 2017, Ubuntu ilipoachana na Unity, sura yake yenyewe ya madirisha na menyu, na kurudi GNOME, sura nyingine ya Linux. Hasira za miaka 7 hazikuvirudisha.

Mwaka 2011 moto ulikuwa mkubwa zaidi. GNOME 3 ilitoka Aprili bila kitufe cha kupunguza dirisha wala cha kukuza, na ule mstari wa chini ulioonyesha madirisha yaliyofunguliwa haukuwepo tena. Waliotuliza moto ni waliokaa chini wakaandika programu. Kuna walioichukua GNOME 2 wakaiendeleza kwa jina la MATE, na wenzao wa Linux Mint, mfumo mwingine wa Linux, wakajenga sura yao, Cinnamon. Kompyuta nyingi kuukuu ninazotengenezea watu hapa mjini zinaishi kwa sababu ya kazi yao, na nawashukuru kwa dhati.

Lakini usidhani kila badiliko linalolalamikiwa ni baya. GIMP 2.8, iliyotoka Mei 2012, ilitenganisha kusevu na kutoa nakala. Tangu hapo ukibonyeza Save unapata faili ya XCF, aina ya GIMP yenyewe, peke yake, na ukitaka JPG au PNG unapitia Export. Malalamiko yake hayajaisha mpaka leo. Kwa sisi tunaotengeneza picha za pasipoti kutwa nzima, mteja anataka JPG kwenye flashi na hana haja na kitu kingine, kwa hiyo usumbufu huo naufahamu. Hata hivyo nasimama na watengenezaji. Picha ikishasevuliwa moja kwa moja kuwa JPG, tabaka zote (vipande vya picha vilivyowekwa kimoja juu ya kingine) zinagandishwa kuwa moja, na mteja akirudi kesho kutwa anataka rangi ya nyuma iwe bluu badala ya nyeupe, unaanza upya. XCF inatunza kazi yako, JPG ni ya kumpa mteja. Wafanyakazi wa steshenari walipofundishwa Ctrl+Shift+E, njia ya mkato ya Export, habari ikaishia hapo.

Basi swali la kwanza kujiuliza kabla hujaandika chochote ni hili: badiliko limekatisha kazi, au limekatisha mazoea? Mazoea yanarudi baada ya wiki mbili tatu. Kazi iliyokatika hairudi mpaka programu irekebishwe. Na jibu hulipati kwa kuwaza peke yako, kwa sababu wewe unayesoma makala kama hii tayari ni mjuzi, kitufe utakitafuta mpaka ukione.

Hapa ndipo penye kazi halisi.

Baada ya apdeti fulani, programu tuliyokuwa tukisomea PDF iliondoa menyu ya maneno pale juu. Kila kitu kilihamia kwenye kitufe kimoja chenye mistari mitatu, upande wa kulia. Sababu yao ilikuwa nzuri. Skrini za laptopu nyingi za mtumba zina pikseli 1366 kwa 768, na ukiunganisha jina la dirisha, menyu na vitufe kwenye mstari mmoja, ukurasa unapata nafasi zaidi. Nilipoiona niliipenda. Kisha nikamwomba mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi ambaye huja kuprinti mitihani, akae aifanye kazi mwenyewe huku nikitazama.

"Mama, endelea tu kama vile sipo."

Mkono wake ulikwenda juu kushoto, mahali pa siku zote. Hapakuwa na neno. Akabofya jina la faili, halafu akabofya mshale, ukurasa ukageuka. Akajaribu kitufe cha kulia cha kipanya, akapata orodha fupi isiyo na alichokitafuta. Kile chenye mistari mitatu alikipita mara kadhaa bila kukigusa. Mwishowe akaniangalia.

"Mwalimu, mbona pa kuprinti wamepaondoa?"

Nilimwuliza ile mistari mitatu anadhani ni ya nini. Akasema alidhani ni ya kupanga maandishi, kama ile ya kuweka maneno katikati kwenye Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice. Na ukitazama vizuri, zinafanana kweli. Nisingeligundua hilo kwa kukaa na kuwaza mwaka mzima.

Nikawaomba wengine pia, siku tofauti: kijana wa bodaboda aliyekuja na mkataba wa pikipiki, mwanafunzi wa chuo, mzee anayetunza hesabu za kikundi cha viazi. Huhitaji umati. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya mwonekano, na nilichokiona Mwanjelwa kinakubaliana naye. Mwanafunzi wa chuo alibonyeza Ctrl+P bila kutazama popote. Waliobaki walikwama palepale alipokwama mama.

Masharti ya kutazama ni machache lakini ni magumu kuyatunza. Usishike kipanya. Usimwelekeze, hata kwa macho. Mpe kazi yake ya kweli, si zoezi ulilolitunga, kwa sababu mtu mwenye mitihani ya kuprinti kabla ya saa nne ana haraka ya kweli, na haraka ndiyo inayoonyesha udhaifu wa kitufe. Mwambie mapema kwamba anayepimwa ni programu. Watu wetu wakikwama mbele ya kompyuta huona aibu, huomba radhi, na ukimwacha na aibu hiyo atakuambia yote ni mazuri ili aondoke. Andika mkono ulikwenda wapi kwanza. Hiyo ina thamani kuliko maoni yake kuhusu rangi.

Ukishapata hayo, ripoti inajiandika. GNOME hupokea ripoti mtandaoni kwenye GitLab yao, LibreOffice na KDE (sura nyingine ya Linux) hutumia tovuti za Bugzilla. Tafuta kwanza kama tatizo limeshaandikwa, na kama lipo ongeza ushahidi wako pale pale. Taja toleo la programu, toleo la mfumo na ukubwa wa skrini. Eleza kazi iliyokuwa ikifanywa, hatua alizopita mtu, mahali alipokwama. Weka picha ya skrini. Ripoti moja, tatizo moja. Usiandike kwamba hakuna anayelitaka badiliko hili, maana hujawauliza watu wote, na anayesoma anajua hujawauliza. Kiingereza chako kikiwa cha kawaida hakina shida. Kwa wengi wanaozisoma ripoti hizo, Kiingereza nacho si lugha yao ya kuzaliwa. Sentensi fupi zinatosha.

Jambo ambalo wengi hulikimbilia ni kudai chaguo kwenye mipangilio: "wekeni tu sehemu ya kurudisha ya zamani." Linaonekana dogo. Kumbuka kwamba kila chaguo lazima lijaribiwe, litafsiriwe, liandikiwe maelezo na lisiharibike toleo lijalo. Machaguo 10 ya ndiyo au hapana yanazaa hali 1,024 tofauti za programu ile ile, na mara nyingi anayezitunza ni mtu anayejitolea baada ya kazi yake ya mshahara. Kwa hiyo dai chaguo pale tu ambapo makundi mawili ya watu yanafanya kazi kwa njia mbili tofauti kweli. Blender 2.80 ya Julai 2019, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, ilifanya hivyo vizuri: kuchagua kitu kulihamia kitufe cha kushoto cha kipanya, lakini ukifungua programu mara ya kwanza inakuuliza unataka kushoto au kulia. LibreOffice 6.2 ya Februari mwaka huo huo ilileta vitufe vilivyopangwa kwa vichupo bila kuondoa upau wa zamani, na kila mtu hujichagulia kwenye menyu ya View. Anayetoka Microsoft Office anapata anachokijua, na wanafunzi wangu wa zamani hawakuguswa.

Wakati nao una uzito. GNOME hutoa toleo jipya kila Machi na Septemba, na wiki kadhaa kabla ya hapo mwonekano hufungwa, haubadilishwi tena. Ukiandika siku toleo linapotoka, umechelewa kwa miezi 6. Matoleo ya majaribio yapo kabla ya kufungwa. Yapakue kwenye flashi usiku bando linapokuwa nafuu, washa kompyuta moja kwa flashi hiyo bila kugusa diski, mketishe mtu.

Wewe unayesimamia maabara ya shule, iwe Tukuyu, Makambako au Kihesa, nakusihi usiruhusu mfumo ubadilike sura katikati ya muhula. Kaa kwenye matoleo ya muda mrefu. Ubuntu LTS na Linux Mint hupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5. Pandisha toleo likizo ya Desemba, kompyuta moja kwanza. Walimu waizoee hiyo moja wakati wanafunzi hawapo, na hapo hapo ndipo utakapopata ushahidi wa kuandika.

Itatokea umeleta ushahidi mzuri na bado wakakukatalia. Waulize sababu kwa heshima, isome, na kama bado huridhiki, hamia. Uhuru wa programu huria umo humo. Ile kadhia ya PDF tuliimaliza hivyo: steshenari sasa tunatumia Xreader ya Linux Mint, yenye menyu ya maneno pale juu, huku ripoti yangu ikibaki wazi kule ilikofunguliwa, pamoja na habari ya mistari mitatu inayofanana na kitufe cha kuweka maneno katikati. Chini yake mtengenezaji mmoja aliniuliza kama hao walioikosa wangeiona kama pangekuwa na neno pembeni ya alama ile. Ni swali zuri, na jibu lake haliko kichwani mwangu. Liko kwa wanaokuja kuprinti asubuhi, kwa hiyo nimechora sura mbili kwenye karatasi, moja ina neno na nyingine haina, na ninawaonyesha mmoja mmoja wanapokaa. Kama una steshenari Iringa au Njombe na uko tayari kuwauliza wateja wako hivyo hivyo, tuunganishe majibu kabla mwonekano haujafungwa.