Foleni na wateja wasio na subira: maswali yenu ya safari hii

Kaka, laini yetu ya simu ina wateja wa aina mbili. Kuna wenye shida za dakika 2 ila kwa wastani wakisubiri dakika 5 wanakata, na kuna wa dakika 6 ambao kwa wastani wanavumilia nusu saa. Wote wana thamani sawa, na simu zinatuzidi. Nianze na nani?

Wengi watakwambia anza na wenye haraka, na mimi zamani ningekwambia hivyo hivyo. Ila kwanza nikuulize, kinachokuuma ni mteja kuondoka au mteja kukaa anasubiri? Kama ni kuondoka, sawa, anza na wa dakika 2, lakini sio kwasababu hawana subira, ni kwasababu kwenye dakika 6 unamaliza watatu badala ya mmoja, subira hapo haiingii kwenye hesabu kabisa. Sasa kama namba yenu ni ya bure na kila dakika mtu anayosubiri mnailipia nyie, mambo yanageuka. Chukua gharama ya dakika moja ya kusubiri, zidisha kwa wastani wa subira yake, gawanya kwa dakika za kumhudumia. Gharama ikiwa 1 kwa wote, mwenye haraka anapata 5 gawanya kwa 2, yaani 2.5, mvumilivu 30 gawanya kwa 6, yaani 5, kwahiyo mvumilivu ndo anatangulia! Sababu ni kwamba yule wa kwanza ukimwacha anajitoa mwenyewe, huyu wa pili usipomgusa yupo tu, anasikiliza muziki, bili inapanda. Kanuni hii ni ya watafiti wa foleni, Atar, Giat na Shimkin, 2010, na inafaa vituo vyenye wahudumu wengi vilivyozidiwa kama chenu. Roho ngumu kweli, najua, ila hesabu ndo inavyosema.

Mbona siku nyingine tunaenda vizuri, wakiongezeka wachache tu foleni inalipuka?

Kwasababu foleni haipandi taratibu. Chukua mhudumu mmoja, watu wanakuja bila mpangilio na muda wa huduma nao unabadilika badilika, akiwa bize asilimia 80 ya muda utakuta kwa wastani watu 4 (na anayehudumiwa yumo), asilimia 90 wanakuwa 9, asilimia 95 wanafika 19. Usimpangie mtu asilimia 100 halafu ukashangaa.

VIP tunawapitisha mbele, sasa wa kawaida wanatutukana. Tufanyeje?

Wana haki bwana. Kama huduma zinachukua muda sawa na hakuna anayeondoka, ukipanga upya foleni wastani wa kusubiri wa wote unabaki palepale, dakika uliyompa VIP umeitoa kwa mtu mwingine. Wapeni VIP pointi za kuanzia, alafu kila mtu aongezewe pointi kwa kila dakika anayosubiri, ili wa kawaida aliyekaa sana naye afike mahali ampite VIP aliyeingia sasa hivi.

Bosi anasema muda wa kusubiri umeshuka, ila malalamiko yameongezeka. Nani muongo?

Hamna muongo, ripoti tu imehesabu waliobaki. Wamepiga 10, wanne wamekata, wastani umechukuliwa kwa wale 6 waliopokelewa, na hao wanne kwa kuondoka wamewapunguzia wenzao foleni, kwahiyo namba inapendeza. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alipoandika hesabu zake za mwanzo za simu mwaka 1909 hili la watu kuchoka hakuliingiza, aliyekuja kulifanyia kazi ni Msweden, Conny Palm, miaka ya 1940, na bado leo kuna maripoti yanamuacha nje mtu aliyekata. Mwambie bosi aombe namba mbili, waliokata ni wangapi na walikata dakika ya ngapi. Mimi mwenyewe ule muziki ukirudia mara ya tatu nakata, na sidhani kama kuna mahali nimewahi kuhesabiwa.