Jibu: Sauti ya mvua hainitulizi, nifanyeje?

Habari ndugu. Umesema kila jioni unaweka sauti ya mvua, lakini baada ya dakika chache akili inarudi kwenye mambo ya kazi, na ukiweka nyimbo ndiyo unazidi kuchangamka.

Kwanza kagua rekodi yenyewe. Yangu ilikuwa fupi, inajirudia kila baada ya dakika mbili, na pale inapoungana palikuwa na mkwaruzo mdogo. Masikio yakawa yanausubiri! Nilipopata ya saa nzima, isiyokatizwa na matangazo, nilianza kutulia kweli. Sauti pia iwe chini, usikie kama mvua iko nje ya dirisha.

Nyimbo zenye maneno ziache kwa sasa, maana akili hufuata mashairi. Tafuta ala tupu, mwendo wa mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, karibu na mapigo ya moyo uliotulia. Mimi huvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6, simu nimeigeuza kifudifudi. Hilo la simu usilipuuze: ukisikiliza huku unasoma ujumbe wa kazini, hutapumzika.

Kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, tafadhali muone daktari. Jaribu rekodi ndefu leo usiku, kisha utupe mrejesho.