Ngalawa au mashua kwa watu wawili?

Ndugu, umeuliza mnunue ipi, wewe na mkeo, kwa safari za Tanga hadi Pangani na kulala humo humo. Ngalawa, yaani mtumbwi wenye vielea pande zote mbili, ni rahisi na ina mbio, lakini mtumbwi wake mwembamba, maji yanarukia ndani, na pa kulala hapana. Tafuteni mashua ya mita 6 hivi, na mashine ya nguvu za farasi 8 ya kutumia upepo ukilala. Mashua ikizidi urefu huo, foromali, mti unaobeba tanga, itawatoa jasho kuipandisha.

Kabla ya kulipa, subiri maji yatoke mashua ilale mchangani. Choma kisu kwenye mkuku, uti wa chini wa mashua, na ubao unaoufuata: kikizama, wadudu wamekula. Kalafati iliyotoka, yaani kizibo cha kati ya mbao, isikutishe, ni pamba na mafuta tu. Taruma lililooza, yaani ubavu wa ndani unaoshika mbao, ndilo ghali, maana mbao zitang'olewa.